Bunduki Begani, na Kiunoni Je?

Ifikapo Septemba, maduka ya silaha ya Missoula, katika jimbo la Montana, huanza kujaa watu wanaojiandaa na msimu wa elki, yule kulungu mkubwa wa Milima ya Rocky ambaye dume lake hufikia kilo 300. Msimu wa bunduki hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba na huchukua majuma 5 hivi. Mji huo una wasemaji wa Kiswahili pia: tangu 2016 umekuwa ukipokea familia za wakimbizi kutoka Kongo, na kwa familia yoyote ya huko elki mmoja ni nyama ya miezi kadhaa kwenye friza. Basi mtu anakwenda dukani akiwa na bunduki yake tayari, anataka risasi tu, muuzaji anafungua kabati la kioo na kumwonyesha bastola. "Hii ni ya dubu," anamwambia. Mteja anatazama bei, anaanza kujiuliza kama anaihitaji.

Swali lake si la kijinga. Milima ya Montana, pamoja na ile ya Wyoming na Idaho, ina dubu wa aina ya grizli zaidi ya 2,000, na Alaska ina wengine wapatao 30,000. Oktoba ndio wakati wanapokula bila kushiba kabla ya kuingia mapangoni kwa usingizi wa baridi. Mzoga wa elki na rundo la utumbo ni karamu kwao, na harufu yake husafiri mbali.

Lakini tuanze na jambo ambalo muuzaji huenda asiliseme. Mwindaji mwenye bunduki ya kuwindia ameshabeba silaha kali kuliko bastola yoyote iliyomo kabatini. Risasi ya .30-06, ambayo wawindaji wengi wa Amerika wanaitumia, hutoka mtutuni na nguvu ya takriban jouli 3,900. Bastola ya milimita 10 hutoa kama 900. Rivolva ya .44 Magnum, ile nzito inayosifiwa sana, hutoa kama 1,400. Aliyeshika bunduki yake mkononi, amesimama macho yakiwa mbele, hana anachoongezewa na bastola.

Tatizo ni kwamba bunduki haikai mkononi siku nzima. Mtazame mwindaji aliyekwisha kuangusha elki wake. Ameegemeza bunduki kwenye mti, hatua 6 kutoka alipo, kwa sababu hataki damu iingie kwenye darubini yake. Amepiga magoti, mikono ya shati imekunjwa hadi juu ya viwiko, kichwa kimeingia nusu kifuani mwa mnyama akikata koo la hewa kwa kupapasa. Mafuta yameganda vidoleni. Upepo unapuliza kutoka mgongoni kwake kwenda bondeni, na yeye anasikia kisu chake tu. Kazi hiyo ya kupasua, kuchuna na kukata mapande huweza kuchukua saa 2 au zaidi kwa mtu mmoja. Kisha kuna kubeba: paja moja mgongoni, kwenda na kurudi, na kila anaporudi kwenye mzoga hajui nani ametangulia kufika. Grizli hukimbia kilomita 50 na zaidi kwa saa. Mita 30 anazimaliza kwa sekunde 2.

Saa hizo ndizo zinazomfanya mtu anunue kitu cha pili. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha kitu hicho, kabla ya nguvu na kabla ya bei, ni kama kitakuwa mwilini mwako wakati umepiga magoti. Mwezi Septemba 2018, Wyoming, mwongozaji wa wawindaji alivamiwa na grizli wakati yeye na mteja wake, aliyewinda kwa upinde, wakimkata elki. Bastola ya milimita 10 walikuwa nayo, ila ilikuwa kwenye mizigo, pembeni. Mteja aliikimbilia, akaipata, akakosa nafasi ya kupiga bila kumpiga mwenzake, akamrushia, haikumfikia. Mwongozaji alikuwa na kopo la dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu mwilini, na uchunguzi ulionyesha kwamba alifaulu kulitumia, lakini alikuwa ameshajeruhiwa vibaya. Alifariki. Nimeona watu wakilitumia tukio hilo kudai kwamba dawa haifai, na wengine wakidai bastola haifai. Mimi naliona linasema kuhusu mizigo: hakuna silaha inayofaa ikiwa imevuliwa na kuwekwa chini.

Sasa bei.

Kopo la dawa ya pilipili ya dubu huuzwa dola 40 hadi 55. Lenye sifa lina angalau gramu 225 za dawa, hupuliza kwa sekunde 6 au zaidi, na wingu lake hufika mita 7 na nusu au kupita. Hivyo ndivyo vipimo vinavyopendekezwa na kamati ya serikali inayosimamia uhifadhi wa grizli, na vyote huandikwa kwenye kopo. Visome kabla ya kulipa. Usidanganyike na vile vikopo vidogo vya kujikinga na wezi: ni vya kumpuliza mtu aliye karibu, dawa ni kidogo na haifiki mbali. Kopo huisha muda baada ya miaka 4 hivi, kwa kuwa gesi inayosukuma dawa huvuja polepole. Ukigawanya, ni kama dola 12 kwa mwaka. Ongeza kopo la mazoezi lisilo na pilipili, dola 20 hadi 35, upulize nyuma ya nyumba mara mbili tatu hadi kidole gumba kizoee kung'oa kile kibano cha usalama bila kutazama. Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayofaa kuliko zote.

Dawa ina udhaifu wake, na anayeuza hatautaja. Upepo ukivuma usoni kwako, sehemu ya wingu inakurudia. Baridi kali hupunguza masafa, ndiyo maana wenye kuijua huliweka kopo ndani ya koti usiku na asubuhi. Ukiliacha kwenye gari juani linaweza kupasuka. Na wapo wanaopulizia hema wakidhani watamkataza dubu asije: wanafanya kinyume, kwani mabaki ya pilipili yakishapoa humvuta aje kunusa.

Bastola ni hesabu nyingine kabisa. Glock 20 ya milimita 10, ambayo wawindaji wengi wa Alaska na Montana wanaichagua siku hizi kwa kuwa inabeba risasi 15, hupatikana kwa dola 600 hadi 700. Rivolva fupi kama Ruger Super Redhawk Alaskan hupita dola 1,200. Mkoba wa kifuani, ambao kwa anayebeba begi mgongoni ni wa lazima kwa sababu mkanda wa begi huziba kiuno, ni dola 100 hadi 200. Risasi ngumu za madini mazito, zinazopenya mfupa badala ya kutanuka, ni kama dola 2 kila moja. Hadi hapo umefika dola 900 na bado hujajifunza lolote.

Mazoezi ndiyo bei yenyewe. Risasi za kawaida za milimita 10 ni senti 50 hadi 70 kila moja. Mtu anayepiga 50 kwa mwezi atatumia dola 300 hadi 420 kwa mwaka, bila kuhesabu ada ya uwanja. Za .44 Magnum hupita dola 1 kila moja, tena rivolva nyepesi ya aina hiyo hupiga mkono teke kiasi kwamba wengi hupiga chache wakaiweka. Anayeinunua akapiga 20 kisha akaifunga kifuani amenunua kilo 1 ya chuma ya kubebea mlimani. Kuichomoa kutoka kwenye mkoba, kuelekeza, na kumpiga mnyama anayekuja kwa kasi ile mahali panapomsimamisha ni ufundi, na ufundi huo hupungua usipotunzwa.

Wanaoupenda upande wa bastola wana ushahidi wao. Mwaka 2016 huko Alaska mwongozaji mzoefu, Phil Shoemaker, alimuua dubu wa kahawia aliyewashambulia yeye na wageni wake wavuvi kwa bastola ya milimita 9 tu, yenye risasi ngumu. Lakini huyo ni mtu aliyeishi miaka mingi akiwaongoza wawindaji wa dubu. Alijua pa kupiga.

Kuna tafiti mbili zinazotajwa kila mjadala huu unapozuka, zote za Alaska, na Tom Smith na Stephen Herrero walishiriki katika zote mbili. Ya 2008 ilichunguza matukio 83 ya dawa ya pilipili: ilimzuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio, na asilimia 98 ya waliokuwa nayo walipokutana na dubu kwa karibu hawakudhurika. Ya 2012 ilichunguza matukio 269 ya silaha za moto: bastola zilifaulu asilimia 84, bunduki ndefu asilimia 76. Ukitazama haraka utasema dawa imeshinda. Ila matukio ya dawa yalikuwa pia na dubu wadadisi, waliokuja kunusa tu; ya bunduki yametoka kwenye kumbukumbu zinazoanzia 1883, na yanayoandikwa zaidi ni mabaya. Kwa hiyo usizipange bega kwa bega kama bei za sukari. Jambo moja la utafiti wa pili ndilo ninalolichukua: miongoni mwa waliokuwa na silaha, walioitumia na wasioitumia walijeruhiwa kwa kiwango kilekile. Kuwa nayo peke yake hakukuwakinga.

Sheria nayo ina gharama, na kwa mhamiaji ni nzito kuliko kwa mwenyeji. Mwenye ukaaji wa kudumu anaweza kununua bastola dukani akiwa na umri wa miaka 21. Aliye na viza ya muda, kama ya masomo au utalii, sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki silaha au hata risasi isipokuwa awe na msamaha maalumu, na leseni halali ya kuwinda ni mojawapo. Fomu ya dukani inauliza hayo, na jibu la uongo ni kosa la jinai linaloweza kuharibu makaratasi yote ya uhamiaji. Hapo mtu asikisie, amuulize wakili. Kopo la dawa halina fomu hiyo.

Safari pia hubadilisha hesabu. Ukiruka kwa ndege ya abiria, bastola inaruhusiwa ndani ya sanduku gumu lililofungwa, bila risasi yoyote ndani yake, ikitangazwa kaunta. Kopo la dawa halipandi kabisa, si mkononi si kwenye mizigo. Utalinunua ukifika, na ukirudi unaliacha. Ukienda Alaska kwa gari kupitia Kanada mambo yanageuka: bunduki ya kuwindia inapita kwa fomu na ada ya dola 25 za Kanada kwa siku 60, kopo lenye maandishi kwamba ni la wanyama linapita, lakini bastola iache nyumbani. Kanada ilikuwa kali juu ya bastola tangu zamani, na Oktoba 2022 ilisimamisha ununuzi na uuzaji wake kwa watu wa kawaida.

Na ukimuua dubu kwa kujitetea? Alaska utamchuna, upeleke ngozi na fuvu serikalini, na uandike maelezo ndani ya siku 15. Montana na Wyoming grizli analindwa na sheria ya shirikisho tangu 1975. Kujitetea kunakubaliwa, lakini utatoa taarifa na maofisa watakuja kupima umbali na kuhesabu maganda. Dubu aliyepulizwa pilipili huondoka na macho yanayowasha, nawe unaondoka na elki wako.

Yapo mambo mengine ya kununua ambayo duka la silaha haliyaweki mbele. La kwanza halina bei: mwenzako. Mmoja akate, mwingine asimame na bunduki mkononi akitazama upande upepo unakokwenda, kisha wapokezane. Ukiwa na mlinzi huyo, sehemu kubwa ya hoja ya bastola inaanguka. La pili ni uzio mdogo wa umeme wa betri, usiofika kilo 2, dola mia chache, unaozungushwa kwenye hema au nyama usiku. La tatu ni kamba: nyama isogezwe angalau mita 100 kutoka kwenye utumbo, ining'inizwe juu, mahali ambapo kesho utaiona kwa mbali kabla hujaifikia.

Aliye na dola 100 anunue makopo 2 na lile la mazoezi moja, avae moja kifuani hata akiwa amevua koti, na atafute mwenza. Aliye na dola 400 aongeze uzio kabla ya kuitazama bastola. Bastola naikubali kwa mtu mmoja: yule anayewinda peke yake, mbali, ambaye makaratasi yake hayana shaka, mwenye sanduku la kufungia silaha nyumbani kwa ajili ya watoto, na ambaye yuko tayari kulipia mazoezi kila mwezi, mwaka baada ya mwaka. Huyo atumie dola 1,300 za mwaka wa kwanza kwa moyo mweupe, na bado avae kopo upande wa pili wa kifua, maana mkono wenye mafuta ya elki huteleza kwenye kitako cha bastola, na kumpulizia dubu hakuhitaji shabaha kali.

Kabla ya kulipia kopo, ligeuze chini usome mwezi na mwaka. Makopo ya msimu uliopita huuzwa kwa punguzo kila Septemba, na mara nyingi kinachopunguzwa hapo ni muda wake.