Kubeba na Kutupa Ni Nguvu Mbili

Ndugu msikilizaji, mgeni akifika Ujiji, mwenyeji wake hamwachi aondoke kabla hajampeleka penye miembe ya kumbukumbu ya Livingstone. Hapo Ujiji ndipo Stanley alipomkuta David Livingstone mwaka 1871, na watoto wetu wanaijua habari hiyo tangu wakiwa wadogo. Livingstone alikuwa Mskoti. Lakini kipo kitu kingine chenye asili ya Uskoti ambacho vijana wetu hukishika mikononi kila msimu wa michezo ya shule, wala hawajui kilikotoka. Kitu hicho ni tufe.

Waskoti tangu zamani wana michezo yao ya watu wenye nguvu. Hutupa mawe, nyundo, vyuma vya ratili 56, yaani kilo 25 na ushee, na magogo marefu kama nguzo za simu. Tufe la leo ni mtoto wa lile jiwe lao. Ndiyo maana tufe la wanaume lina uzito wa kilo 7.26, hesabu inayoshangaza mpaka ukumbuke kwamba hizo ni ratili 16 kamili.

Juma hili nataka tumzungumzie mtu anayeingia katika mashindano ya namna hiyo kwa mara ya kwanza. Habari zake nazijua, kwa sababu yalinipata.

Ujanani nilikuwa nikipakua magunia ya dagaa na madebe ya mawese pale Kibirizi, maboti yanapotia nanga. Gunia lililobebwa na wenzangu wawili, mimi nililibeba peke yangu. Basi niliposikia kuna mashindano ya riadha na kila mtu anaruhusiwa kujiandikisha, nikajiandikisha kutupa tufe. Nilijiona nimekwisha shinda. Wenzangu waliacha kazi siku hiyo wakaja kunitazama.

Mtupo wa kwanza nilikwenda kwa pupa, nikaukanyaga na kuuvuka ule ubao mweupe ulio mbele ya duara. Mwamuzi akainua bendera nyekundu. Mtupo wa pili nililipeleka tufe nyuma ya bega, kama mtu anayemfukuza mbwa kwa jiwe. Bendera nyekundu tena, na bega likaniuma juma zima. Wa tatu ulikubaliwa: mita saba na kidogo. Nikawa wa mwisho. Mshindi alikuwa mwalimu mmoja mwembamba, ambaye gunia langu nadhani lingemvunja kiuno.

Wenzangu walinicheka njia nzima mpaka Kibirizi. Nikaapa sitarudi tena uwanjani. Siku chache baadaye yule mwalimu alikuja kununua dagaa, akanitambua. Akaniambia, "Mdogo wangu, kubeba unajua. Kutupa hujafundishwa."

Maneno hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza leo.

Mbebaji anashindana na uzito. Gunia likishafika begani, hata akitembea polepole kazi yake inakwisha salama. Mtupaji anashindana na muda. Kuanzia anapojisogeza ndani ya duara mpaka tufe linapomtoka mkononi, ni kitambo kama cha kuhesabu moja, mbili. Katika kitambo hicho anatakiwa alipe tufe kasi kubwa kadiri awezavyo, kwa maana kasi ndiyo inayozaa umbali, tena inazaa kwa riba. Ukiongeza kasi kwa asilimia 10, umbali huongezeka kwa karibu asilimia 20. Ndipo mtu wa nguvu za kadiri lakini mwepesi humshinda mwenye nguvu nyingi aliye mzito.

Na kasi hiyo inatoka wapi? Wengi hudhani mkononi. La, inaanzia miguuni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtupaji naye ni vivyo hivyo. Hukunja magoti, tufe amelibana shingoni chini ya taya. Kisha miguu inasukuma, kiuno kinageuka, kifua kinafuata, na mkono unamalizia. Tufe husukumwa, halivurumishwi. Likipita nyuma ya bega ni kosa, na sheria hiyo inamlinda mtupaji mwenyewe asiteguke.

Halafu kuna kujizuia. Duara lina upana wa mita 2.135 tu, na asiyejifunza kusimama hulitoka kwa mbele, hata awe na nguvu za tembo. Ukishatupa, tulia mpaka tufe litue, kisha toka kwa upande wa nyuma.

Waskoti wenyewe wanalijua jambo hili. Katika kutupa gogo, umbali haupimwi kabisa. Mtu hulinyanyua likiwa wima, hukimbia nalo, kisha hulirusha lipinduke. Anayeshinda ni yule ambaye gogo lake limelala likiwa limenyooka mbele yake, mfano wa mshale wa saa ulioelekea juu kabisa. Wengi wanaojaribu mara ya kwanza hawawezi hata kulipindua.

Sisi wa Afrika Mashariki tunasifika kwa mbio, lakini watupaji pia tumekuwa nao. Zakayo Malekwa wa Tanzania alirusha mkuki katika Olimpiki tatu, za 1980, 1984 na 1988. Julius Yego wa Kenya alijifunza mkuki kwa kutazama video za intaneti. Katika Olimpiki yake ya kwanza, London mwaka 2012, alishika nafasi ya 12. Mwaka 2014 akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow, huko huko Uskoti, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Angeapa kama nilivyoapa mimi, tusingemjua.

Mimi kiapo changu nilikivunja. Mwalimu alinifundisha jioni baada ya kazi, na mwaka uliofuata nikarudi. Sikushinda, nilikuwa wa nne. Lakini mitupo yangu yote mitatu ilikuwa halali, na wenzangu hawakucheka.

Basi wewe kijana unayejiandaa kuingia duarani mara ya kwanza, usiende kuwashinda watu. Nenda ukapate mtupo mmoja halali, uwe na kipimo chako mwenyewe. Ukishakuwa nacho, unajua mwakani unashindana na nini. Usisimame kamwe mbele ya anayetupa, na tufe ulirudishe kwa kulibeba, usilirushe.

Nanyi walimu wa michezo, pitieni pitieni Kibirizi na bandarini. Nguvu mtazikuta huko, zinabeba magunia tangu alfajiri. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia vijana wale kwamba kutupa nako kunafundishwa.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.