Kitu cha Kuchezea Chenye Taa na Sauti: Tumchagulie Mtoto Kipi?



Hivi karibuni, baada ya sala ya alasiri, alinijia hapa Makole, Dodoma, mama mmoja kijana ambaye nilimsomesha chuoni tangu alifu na bee. Mkononi alikuwa na boksi lenye picha ya mtoto anayecheka. Akaniambia: "Shikamoo, Maalim. Nimemnunulia mwanangu kitu cha kumfunza. Ukibonyeza herufi, taa yawaka nacho chaisema. Naomba unitazamie kama kinafaa." Mtoto mwenyewe ana mwaka mmoja na miezi minne. Nikamwomba aniachie mpaka baada ya isha.

Nimeona niyaandike niliyoyatazama usiku ule, kwani shauri hili limo katika nyumba nyingi. Mji wetu umebadilika. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi mwaka 2016, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, nyumba za kupanga zimejaa, majirani hawajuani, na mtoto aliyekuwa akitambaa uani kwa watu sasa hufungiwa ndani ya geti. Maduka nayo yamejaa vitu vya plastiki vitokavyo China kwa njia ya Kariakoo. Mama akirudi kazini amechoka, huona afadhali kuwe na kitu kitakachomshughulisha mtoto, na kikiwa chamfunza, ndiyo kheri zaidi. Mimi simlaumu. Mchezo ni haki ya mtoto. Twajua ya kuwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwiye radhi, alikuwa na wanasesere wake, na miongoni mwao farasi mwenye mbawa, na Mtume s.a.w. alipomwona farasi yule alicheka.

Basi nilikiweka kile kitu juu ya mkeka, nikabonyeza hee ya mwisho, kisha haa ya jeem-haa-khaa. Sauti ilikuwa moja. Nikabonyeza saad na siin. Ni moja pia. Mtu asiyesoma atasema mtoto wa umri huu hajui tofauti. Ajabu ni kuwa huu ndio umri wa kuipata tofauti hiyo, na mwalimu ndiye atakayehangaika miaka 6 baadaye kuung'oa ulimi uliokwisha kuzoea. Anayetaka kununua kitu kinachosema herufi, za Kiarabu au za Kizungu, na akisikilize chote dukani, tangu mwanzo hata mwisho, bila ya kumwonea haya mwenye duka.

Kisha nikakipindua kutafuta mlango wa betri. Hapo mikono yangu ilitetemeka, na sababu yake nitaieleza, ingawa si khabari ya kujivunia.

Miaka 3 iliyopita nilimnunulia mjukuu wangu kinyago kidogo cha kuwaka taa na kulia. Nilikichagua mwenyewe, kwa sababu kilikuwa rahisi. Siku moja mtoto alikataa uji, akawa atoa udenda na kukohoa. Tukasema ni meno, tukasema ni mafua. Bibi yake ndiye aliyekiona kinyago chini ya kitanda kimefunguka, na betri haimo. Hospitali walipompiga picha, tuliona kooni duara jeupe kama sarafu. Waliitoa usiku ule ule, alhamdulillahi, lakini alilishwa kwa mpira siku nyingi, na hata leo akila nyama bibi yake humkatia vipande vidogo vidogo. Kosa lilikuwa langu. Mlango wa betri ulifunguka kwa ukucha, nami sikuutazama.

Yafaa kila nyumba ijue betri hii hufanya nini. Ni ile bapa ya duara, kama kifungo cha koti, itumikayo katika saa, vitufe vya kufungulia magari, na vinyago. Watu hudhani kwamba hupasuka na kumwaga sumu. Sivyo. Ikikwama kooni, mate huunganisha pande zake mbili, umeme ukapita, na mahali inapogusa nyama hutokea magadi makali yenye kuunguza. Huweza kuunguza vibaya kwa muda wa saa 2 tu. Iliyo kubwa, yenye upana wa milimita 20 na nguvu ya volti 3, ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa hukwama kwa urahisi katika koo la mtoto. Wala usidanganyike na betri iliyochoka. Ile isiyoweza kuwasha taa bado yaweza kuunguza koo.

Ukishuku mtoto ameimeza, usimtapishe wala usimpe chakula; nenda hospitali saa ile ile, useme kwa kinywa kipana kwamba ni betri, ili apigwe picha. Madaktari wanashauri kwamba mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, ikiwa hazijapita saa 12 tangu kumeza naye aweza kumeza, apewe asali vijiko 2 vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara 6, huku safari inaendelea. Asali hupunguza ule ukali, haiondoi betri. Sisi watu wa bara ya kati, tunaoletewa asali ya Manyoni na Itigi mpaka mlangoni, hatuna udhuru wa kuikosa. Lakini pasiwe na mtu wa kuchelewa njiani kwa ajili ya kuitafuta, wala asipewe mtoto aliye chini ya mwaka, kwani kwake asali yaweza kuwa ni maradhi.

Kwa hiyo mlango wa betri ndio wa kutazamwa mwanzo, kabla ya taa na rangi. Uwe umefungwa kwa skrubu inayotaka bisibisi. Kanuni za Ulaya na Marekani za vitu vya watoto zataka betri hizi zisifikike pasipo chombo. Tazama pia boksi: alama ya uso wa mtoto na tarakimu 0-3 ndani ya duara lililokatwa kwa mstari maana yake hakimfai mtoto asiyetimiza miaka 3. Nimeona wauzaji wakiisoma kinyume, kwamba ndiyo umri wake! Na chochote kiwezacho kung'oka, jicho, gurudumu au kifungo, kikiwa kinapenya tundu la upana wa sentimita 3, hakimfai.

Sauti nayo ina dhara lake. Mikono ya mtoto ni mifupi, na akipenda kitu hukitia sikioni. Mnunuzi na afanye vivyo hivyo: akiweke sikioni mwake, akione kama chamkera. Kikiwa kikali na hakina pa kupunguzia, tundu la sauti lizibwe kwa gundi ya karatasi, au kiachwe dukani. Khabari ya nyimbo za ala sitaizungumza sana. Anayechelea na achague kinachotaja majina ya wanyama tu. Na vile visomavyo sura za Qur'ani, mimi binafsi sipendi kuviona vikivutwa mavumbini na kuachwa mlangoni pa choo.

Je, chafunza kweli? Mtaalamu mmoja wa chuo kikuu cha Northern Arizona, Marekani, Anna Sosa, alitoa mwaka 2016 katika jarida la JAMA Pediatrics utafiti wa wazazi 26 na watoto wao wa miezi 10 hadi 16. Waliachwa wacheze majumbani mwao, mara kwa vitu vya umeme, mara kwa vitu vya kawaida, mara kwa vitabu, na maneno yao yakanaswa. Kwa vitabu mzazi alisema kadiri ya maneno 67 kwa dakika. Kwa vitu vya kawaida 56. Kwa vile vya taa na sauti 40. Kitu kiliposema, mama alinyamaza. Na mtoto naye alitoa sauti chache zaidi kuliko alipokuwa na kitabu. Sikushangaa sana. Chuoni pia mwanafunzi hushika herufi kwa kuutazama mdomo wa mwalimu.

Baada ya isha mama yule alirudi na mumewe. Nikawaonyesha mlango wa betri, ambao niliufungua kwa kidole kimoja mbele yao. Mume alinyamaza, kisha akauliza: "Maalim, na fedha yetu?" Walikuwa wamekinunua shilingi 25,000. Wakakirudisha, na mwenye duka akakataa kukipokea. Basi tukatoa zile betri, tukazizungushia gundi ya karatasi pande zote, akazichukua baba mwenyewe zisikae nyumbani. Kitu chenyewe kiko kwao hata leo, kimya. Naambiwa mtoto hukipiga kwa kijiko cha mti, na bibi yake kila kikilia hujibu "bee!", naye mtoto humtazama mdomoni na kujaribu.