Bamba Kuukuu la Graniti na Mashine ya Kujiundia Kitengela

Bamba la graniti la kukagulia usawa likistaafishwa kiwandani, uchakavu wake kwa kawaida huwa katikati, pale geji zilipoburutwa kila siku. Kingo hubaki karibu na zilivyotoka kwa mtengenezaji. Kwa anayejiundia mashine ya milingi hiyo ni habari njema, maana reli za mwongozo hukaa kandokando. Kwa kipimo cha Ujerumani, DIN 876, bamba la milimita 630 la daraja la 0 huruhusiwa kupotoka maikroni 6.5; la daraja la 2, maikroni 33. Ukipata hilo la pili kwa bei nafuu, chukua. Usikubali kuuziwa kaunta ya jikoni badala yake: ile imeng'arishwa, haikunyooshwa.

Na marumaru je, ilhali inachimbwa hapa hapa Kajiado? Hapana. Marumaru ni laini, na punje zake zikipata joto hutanuka upande mmoja na kusinyaa upande mwingine. Jumba la Finlandia mjini Helsinki, lililokamilika mwaka 1971, lilivikwa marumaru ya Carrara. Vibao vikapinda hadi ikabidi kubadilishwa. Graniti ni ngumu, haishiki kutu, na ikigongwa humeguka tu bila kuinua ukingo kama chuma cha kusubu.

Shida kubwa ya Kitengela iko chini ya bamba. Udongo wetu mweusi huvimba masika na kupasuka kiangazi, na sakafu hufuata. Bamba la milimita 630 kwa 400, unene 100, lina kilo 70 na ushee. Liweke juu ya miguu minne na sakafu ikisogea, mguu mmoja utaning'inia, jiwe lipindike, na usawa ulioulipia upotee. Miguu mitatu haiyumbi kamwe. Iweke pale mtengenezaji alipokusudia, na uunde fremu nzito ya chuma itakayobeba miguu hiyo, ili sakafu ihangaike peke yake.

Kisha joto. Kwa kila mita na kila nyuzi moja ya Selsiasi, graniti hutanuka maikroni 6 hivi, feleji kama 11.5, alumini 23. Chini ya mabati, tofauti ya asubuhi na alasiri ikifika nyuzi 15, reli ya feleji ya sentimita 60 itataka kulizidi jiwe kwa maikroni 50. Kipande cha alumini, zaidi ya 150. Ndiyo maana sioni sababu ya kuweka alumini kati ya reli na jiwe, ingawa wengi hupenda urahisi wake. Dari ya mbao chini ya mabati itakusaidia kuliko geji ya bei ghali.

Usikate hesi kwenye jiwe. Toboa kwa keekee ya almasi, bila kugongesha, maji yakitiririka: vumbi la graniti lina silika, na silika huua mapafu. Jiwe likauke kabisa kabla ya gundi. Gundisha vikombe vya feleji vyenye hesi kwa epoksi, midomo yao ikiwa chini kidogo ya uso, ili reli ikalie jiwe lenyewe na si kikombe. Reli yenyewe iwe kielelezo cha matundu: ining'inize na bolti zake hadi epoksi igande, kisha kaza kuanzia katikati kuelekea ncha, geji ikiwa juu yake.