Tazama Jicho la Kondoo Wako

Mvua zikinyesha, majani huwa mengi, na kondoo hula mpaka kushiba. Kwa nini basi wengi hufa wakati huo? Katika milima ya Ituri, Lubero na Masisi watu wameona jambo hili. Jioni kondoo amerudi zizini pamoja na wenzake, asubuhi amekufa. Mwenyewe anasema, "Jirani amemtilia sumu." Hivyo kondoo amekufa, na ujirani nao umekufa.

Rafiki, kabla ya kumshitaki mtu, mpasue kondoo huyo mara moja. Kondoo ana matumbo manne. Fungua lile la nne, linaloungana na utumbo. Mara nyingi utaona minyoo wembamba kama uzi, wenye urefu wa sentimeta 2 au 3. Jike ana rangi mbili, nyekundu na nyeupe, zilizosokotana kama kamba. Ile nyekundu ni damu ya kondoo wako.

Minyoo 100 hunyonya damu kama kijiko kimoja cha chai kila siku. Minyoo 2.000 hunyonya vijiko 20. Mwana-kondoo ataishije?

Minyoo hawa wametoka wapi? Jike mmoja hutaga mayai 5.000 au zaidi kwa siku. Mayai hutoka pamoja na mavi. Penye joto na unyevu, karibu juma moja baadaye yamekuwa watoto wa minyoo, wadogo mno, jicho haliwezi kuwaona. Majani yakiwa na umande, wao hupanda. Kondoo anakula majani na kuwameza. Baada ya majuma matatu hivi, nao wanataga.

Je, utajuaje kama kondoo wako ana minyoo hawa? Usingojee ahare, kwa maana mara nyingi hawaleti kuhara. Simama penye mwanga wa jua, vuta ukope wa chini, utazame ndani. Ukiwa mwekundu, damu ipo. Ukiwa mweupe, damu imekwisha, naye yu karibu na kufa. Uvimbe laini chini ya taya ni alama ya hatari pia. Wakati wa mvua tazama kila majuma mawili. Kupe na magonjwa mengine huweza kupunguza damu vilevile. Kwa hiyo mwulize munganga wa nyama.

Mpe dawa yule ambaye macho yake yamepauka. Usiwape wote. Wataalamu wa Afrika Kusini walifundisha njia hii, na sababu yake ni hii: mwaka 1961 dawa mpya iitwayo thiabendazole ilianza kuuzwa, na watu waliifurahia sana. Kufika mwaka 1964, huko Marekani walikuwako minyoo wasiokufa kwa dawa ile. Ukiwapa kondoo wote dawa kila mara, minyoo dhaifu hufa, na wale wagumu hubaki na kuzaa. Nusu ya dawa huleta shida ileile. Basi, mpime kondoo uzito kwanza. Albendazole usimpe jike mwenye mimba changa. Uliza ni siku ngapi usile nyama yake. Wala mtu asinywe dawa ya kondoo.

Lakini dawa peke yake haitoshi, maana minyoo wengi wapo nje, katika majani. Fanya hivi:

1. Usilishe mahali pamoja zaidi ya siku 4 au 5. Paache miezi mitatu au zaidi.
2. Ng'ombe wakubwa wanaweza kula pale. Mbuzi hapana, kwa maana wana minyoo walewale.
3. Ngoja umande ukauke kabla ya kuwatoa.
4. Usiache majani yaliwe mpaka chini kabisa. Minyoo wengi hukaa huko.
5. Toa mavi zizini, uyaweke katika shimo la mbolea.

Kondoo mmoja huweza kulipa masomo ya mtoto, au dawa za mama mgonjwa. Kesho asubuhi, kabla ya kufungua zizi, tazama macho yao. Halafu nenda kwa jirani yako, umwonyeshe naye. Kwa maana kondoo wenu wanakula katika mlima mmoja.