Nani analipwa kumwangalia shosho?

Pitia meseji zako za mwezi uliopita. Kati ya tokeni za stima, karo na mchango wa chama, huenda kuna pesa ulizomtumia dada anayekaa na mamako ushago. Hakuna mkataba wala payslip. Ni ile meseji tu ya kuthibitisha kwamba pesa zimefika. Kwa mafamilia mengi hapa Kenya, hiyo meseji ndiyo rekodi pekee inayoonyesha kwamba kuna mtu ameajiriwa kumtunza mzee.

Kwa hivyo wiki hii tumeamua kuongea kuhusu hawa watu: ni wangapi wanahitajika, wanagharimu pesa ngapi, na jinsi ya kuwalipa bila kuvuruga familia.

Sensa ya 2019 ilihesabu takriban Wakenya milioni 2.7 waliofikisha miaka 60. Wa miaka 65 kwenda juu walikuwa karibu milioni 1.9. Sasa, kwenye nchi tajiri zilizo katika shirika la OECD, wastani ni kama wafanyakazi watano wa kulipwa kwa kila wazee 100 wa miaka 65 na zaidi. Tukileta kipimo hicho hapa, tungehitaji watu kama 95,000 ambao kazi yao ni hiyo tu: kumwogesha mzee, kumpa dawa kwa saa yake, kumgeuza kitandani asipate vidonda, kumsindikiza kliniki. Uwanja wa Kasarani hauwezi kuwatosha watu hao.

Na hata hao wenye wengi wanalia hawatoshi. Japani ilianzisha bima ya utunzaji wa wazee mwaka wa 2000, na leo ina watunzaji zaidi ya milioni mbili. Mwaka wa 2024 wizara yao ya afya ilikadiria kwamba kufikia 2040 watahitajika milioni 2.72.

Kwetu kazi hii imebebwa na mabinti, wakaza wana na wajukuu, bila malipo. Sio Kenya peke yake. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilieleza mwaka wa 2018 kwamba wanawake hufanya zaidi ya robo tatu ya saa zote za kazi ya utunzaji isiyolipwa. Lakini huyo binti siku hizi yuko Ruiru anafanya kazi, ama yuko Doha. Anayebaki na mama ni mtu wa kulipwa, na kwa kuwa anapika na kufua pia, tunamwita tu dada wa kazi. Ajabu ni kwamba vyuo vinavyofundisha utunzaji vimejaa vijana, ila wengi wanasoma wakimuwaza mzee wa Manchester, sio wa Murang'a. Tangu Julai 2025 Uingereza imeacha kutoa visa kwa watunzaji wapya wanaoajiriwa kutoka nje, kwa hivyo baadhi yao bado wako hapa. Swali ni kama tuko tayari kuwalipa.

Mwenzetu mmoja hapa ofisini ameturuhusu tueleze yaliyowapata, bila jina. Shosho yake ana miaka 84 na anatembea kwa shida. Watoto wanne walikubaliana kuchanga, pesa zipitie kwa kaka mkubwa, naye amtumie mtunzaji. Miezi mitatu mambo yakaenda sawa. Mwezi wa nne mmoja akachelewa, kaka akasubiri zitimie, na mshahara ukafika tarehe 11. Mwezi wa tano ikawa tarehe 14. Yule dada hakugombana na mtu. Alikuwa na watoto wake wa kulisha.

Kisha Sh3,000 zikapotea kwenye simu ya shosho. Shosho hawezi kusoma meseji vizuri, na namba yake ya siri alikuwa amempa mtunzaji ili amnunulie dawa. Unajua vile grupu ya familia huwa: kufikia saa tatu usiku kesi ilikuwa imekwisha na hukumu imetolewa. Asubuhi yule dada akapanga nguo zake akaenda. Shosho alikaa peke yake siku moja na nusu kabla jirani hajagundua, na alikuwa ameanguka karibu na jiko.

Taarifa ya akaunti ilipotolewa baadaye, ilionyesha zile Sh3,000 zilitumwa kwa mjukuu aliyeko chuoni. Shosho mwenyewe ndiye aliyeagiza zitumwe, akasahau. Walimpigia yule dada kuomba msamaha. Alishukuru, lakini hakurudi.

Hapo kuna makosa mawili ya pesa, na yote yanarekebishika. Tuanze na mshahara. Tuseme mnamlipa mtunzaji Sh10,000 na analala hapo nyumbani. NSSF ni asilimia 6 kutoka kwake na asilimia 6 kutoka kwenu, yaani Sh600 kila upande. Ada ya nyumba ni asilimia 1.5 kila upande, Sh150. SHA yeye hukatwa asilimia 2.75, lakini kiwango cha chini ni Sh300, kwa hivyo ni Sh300. Yeye anabaki na Sh8,950 mkononi, na nyinyi gharama yenu ni Sh10,750. Mkiwa wanne, ni kama Sh2,690 kila mmoja. Kwa Nairobi hesabu inapanda: amri ya mishahara ya Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani kuwa Sh16,113.75. Na kisheria anastahili siku moja ya mapumziko kila wiki, kwa hivyo lazima kuwe na mtu wa kushika zamu hiyo. Zile Sh2,000 za Inua Jamii ambazo serikali humpa mzee wa miaka 70 na zaidi kila mwezi hazifiki popote kwa mshahara, ingawa zinasaidia kwa sabuni na unga.

Ushauri wetu: msisubiri michango itimie. Wekeni mshahara wa mwezi mmoja pembeni mapema, na mtunzaji alipwe tarehe ile ile hata kama ndugu mmoja amekwama. Mdai ndugu yenu nyinyi wenyewe, asidaiwe na mtunzaji.

La pili ni namba ya siri. Ya mzee ni ya mzee, asipewe mtunzaji, hata akiwa mwaminifu kama nini, kwa sababu siku pesa zikikosekana hataweza kujitetea. Dawa lipieni nyinyi moja kwa moja kwa till ya duka la dawa. Chakula pia, kwa till ya duka la pale sokoni. Pesa ndogo za matumizi zitumwe kwa simu ya mtunzaji, mbali na mshahara, ili kila kitu kionekane peke yake. Na kabla ya kumtaja mtu kwenye grupu, mwombeni mzee ruhusa mtoe taarifa ya akaunti yake. Inatoka kwa dakika chache.

Shosho sasa ana mtunzaji mwingine, mama wa miaka hamsini hivi kutoka kijiji cha pili. Analipwa tarehe 28. Jumapili haji, na Jumapili hiyo mwenzetu hubadilishana zamu na binamu yake, basi la saa kumi na mbili asubuhi.