Ardhi Haizoei Mbolea

Msimu wa kupanda ukikaribia, swali ni lile lile: nikianza kutumia mbolea ya dukani, ardhi si itazoea, nisiweze tena kuacha? Ardhi haina mazoea. Ina akiba ya virutubisho, na akiba hiyo huondoka shambani ikiwa ndani ya magunia. Gunia la mahindi la kilo 100 hubeba takriban kilo moja na nusu ya naitrojeni. Ekari iliyotoa magunia 10 imepoteza kilo 15 kwa punje peke yake, mabua yaliyolishwa ng'ombe au kuchomwa moto bado hujayahesabu. Anayeacha mbolea akaona mavuno yanaporomoka anadhani ardhi imelevywa, kumbe ndiyo anaona sasa jinsi ilivyokuwa imekwisha. Kule Rothamsted, Uingereza, shamba la majaribio la Broadbalk limepandwa ngano tangu 1843. Vipande vinavyotiwa mbolea ya viwandani ipasavyo bado vinazaa mara kadhaa ya kile kisichotiwa kitu. Kama mbolea ingekuwa inaua ardhi, pangekuwa jangwa zamani.

Wapo wanaosema wameshuhudia ardhi iliyoharibika. Nawaamini, ila chanzo chake ni tindikali. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia) hasa, na urea kwa kiasi kidogo, huiongeza zikirudiwa miaka mingi bila chokaa. Sehemu za mvua nyingi kama Njombe, udongo una tindikali hata pasipo mbolea, kwa sababu mvua imeshaosha kalisi. pH ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu huyeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi hunaswa, mahindi yakawa na rangi ya zambarau hata kama ulipandia DAP. Wengine hushikilia samadi tupu. Samadi huongeza mboji na kushika maji, itumieni. Lakini ng'ombe hatengenezi naitrojeni, anaihamisha tu kutoka malishoni, na mwenye ng'ombe wawili hawezi kurutubisha ekari tatu.

Basi pima udongo kabla ya kununua chochote. Ukiwa na tindikali, tia chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Mbegu isigusane na mbolea, itaungua. Usisubiri majani ya chini yageuke manjano kuanzia nchani ndipo ukuzie, umeshachelewa. Urea ifukie, ikiachwa juu pasipo mvua sehemu yake hupotea hewani. Mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, gawa mara mbili. Changanya mahindi na mbaazi au maharage, na mabua usiyachome.