Jiko la kujengea au la kubeba? Kwanza ulizia nyumba ni ya nani

Mfanyabiashara anayevusha majiko ya kuni kutoka magharibi mwa Kenya kuingia Uganda kwa njia ya Busia ana aina mbili za kuchagua, na akichagua vibaya mtaji wake unalala stoo. Ya kwanza ni chungu cha jiko kitupu, ambacho mteja atakijengea kwa udongo jikoni kwake. Ya pili ni jiko lililokamilika, yaani chungu kilichovalishwa bati na kuwekwa mikono, ambalo mteja hulinunua asubuhi na kulipikia mchana.

Kwa ndani majiko haya ni ndugu. Yote yana ukuta wa udongo uliochomwa unaouzuia moto usitawanyike kama unavyotawanyika kwenye mafiga, yana mdomo mdogo wa kuni, na juu yana sehemu tatu za kukalia sufuria. Lile la kujengea lilienea Kenya katika miaka ya 1980 kwa kazi ya Maendeleo ya Wanawake, ndiyo maana wapo wanaoliita Maendeleo mpaka leo. Wengine hulijua kama Jiko Kisasa au Upesi. La kubeba huitwa Kuni Mbili, na jina limekwisha kueleza hesabu yake.

Tofauti iko kwa mnunuzi. Mpangaji wa chumba kimoja mjini hupikia barazani, na mvua ikinyesha huingiza jiko ndani. Kodi ikipanda, anahama. Akijenga jiko la udongo hapo amemwachia mwenye nyumba zawadi, kama mwenye nyumba mwenyewe atakubali sakafu yake iguswe. Mteja huyu atanunua la kubeba hata likiwa na bei ya juu, na kumshawishi achukue chungu kitupu ni kupoteza muda.

Mwenye boma lake kijijini ni habari nyingine. Anapika ugali wa watu wanane, na anayesonga ugali huo anaegemea mwiko kwa nguvu zote. Jiko la bati huyumba, mpaka mtu alishike kwa kitambaa au alizuie kwa mguu. Lililojengewa halisogei. Ubavu wake wa udongo mnene pia hauunguzi haraka kama bati, jambo ambalo mama mwenye mtoto anayetambaa halihitaji maelezo marefu. Tena chungu kikipata ufa baada ya muda, udongo ulioshindiliwa pembeni hukishikilia na kazi inaendelea. Kwenye jiko la kubeba, bati likiliwa na kutu chini, mteja anarudi dukani akiwa amekasirika.

Kwa nini basi vyungu vitupu hukaa sokoni? Mara nyingi ni kwa sababu muuzaji ameuza nusu ya bidhaa. Chungu bila mtu wa kukijenga ni chungu tu. Kazi yenyewe si ngumu: unatafutwa upande wa jiko usiopigwa na upepo, linawekwa tabaka la mawe na udongo, chungu kinasimamishwa wima, kisha udongo wenye vijiwe unashindiliwa kukizunguka mpaka usawa wa juu, bila kufunika sehemu za kukalia sufuria. Hapo panahitaji subira. Udongo ukiwashiwa moto mkali kabla haujakauka hupasuka, na lawama humwendea aliyeuza. Mfanyabiashara anayeelewana na fundi mmoja wa kijiji, akamlipa kwa kila jiko analojenga, anauza kitu kizima.

Jambo moja lisemwe wazi, kwa kuwa sokoni huwa linapakwa sukari: hakuna kati ya haya mawili lenye bomba la moshi. Kuni zinapungua, na moshi unapungua pamoja nazo zikiwa kavu na zimepasuliwa nyembamba, lakini moshi hauishi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Anayemwambia mteja kwamba jiko hili halina moshi anamfanya afunge dirisha.

Mpakani, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani unaweza kupita kwa utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa cheti cha uasili kinachotolewa palepale, mradi bidhaa imetengenezwa ndani ya Jumuiya na imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Orodha hiyo isomwe kwenye dawati la taarifa za biashara kabla ya kununua, si baada ya kupakia. Chungu cha udongo asili yake haina ubishi. Jiko lenye bati laweza kuzua swali bati lilitoka wapi, hivyo risiti ya karakana iwe mfukoni. Cheti hicho pia hakifuti kodi nyingine za ndani wala ukaguzi wa ubora.

Hasara kubwa ya vyungu hutokea njiani. Kabla ya kulipa, kila kimoja kigongwe kwa kifundo cha kidole: kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Vipangwe juu ya majani makavu ya migomba, na majani mengine yajazwe katikati. Majiko ya bati yasipandishwe juu yake, hata dereva akisema nafasi imebaki huko tu. Bei ipangwe kwa vile vitakavyofika. Tuseme vimenunuliwa 100 na 10 vikavunjika, basi gharama yote, pamoja na nauli, inagawanywa kwa 90. Vilivyolowa mvua vianikwe mpaka vikauke kabla ya kuuzwa, maana maji yaliyojificha ndani ya udongo hukipasua chungu siku ya kwanza ya moto.